Sanduku la stenlesi la Gerezani: miezi saba ya kuzalisha moshi wa lami maabara

Baba yangu alifanya kazi ya barabara, upande wa boila la lami, na mashati yake mama hakuyaruhusu kuingia ndani. Yalianikwa kwenye mpera nyuma ya nyumba, na mfuaji nilikuwa mimi. Harufu ile haitoki kwa sabuni ya mche wala kwa jua la siku mbili. Leo kazi yangu ni kupima hewa wanayovuta watu kazini, na hewa ninayoijali kuliko zote ni ile inayomzunguka kibarua aliyesimama juu ya lami ya moto na koleo mkononi. Nitaandika kwa urefu basi, ingawa ninachokisifia hapa ni sanduku ambalo ukiliona kwa mbali utadhani ni kabati la mikate la dukani.

Ni sanduku la stenlesi pamoja na chungu chake cha kupashia lami, kazi ya fundi mmoja wa eneo la Gerezani, Dar es Salaam, ambaye siku zote hutengeneza matangi ya maziwa na sinki za hoteli. Jina la karakana silitaji, maana nina ya kusifu na ya kulalamikia, na tulikubaliana hivyo. Nimelitumia miezi saba, karibu kila wiki. Nilipokuwa natafuta mtu wa kunitengenezea, sikupata hata mstari mmoja wa Kiswahili wa kunielekeza. Basi huu hapa, kwa atakayefuata.

Mtu huniuliza: moshi wa lami umejaa barabarani, unauzalisha maabara wa nini? Nenda ukapime kule kule. Nimekwenda, mara nyingi. Lakini barabarani moshi wa lami hauji peke yake. Kuna vumbi la kokoto, kuna moshi wa dizeli wa roli la kushindilia na wa malori yanayosubiri kumwaga, na upepo ambao kwa dakika tano unampulizia mtu usoni na dakika tano nyingine unampa hewa safi ya baharini. Kaseti, yaani kikopo kidogo chenye filta ambacho pampu ndogo huvuta hewa kupitia ndani yake, niliyoibana kwenye kola ya kibarua inarudi na uzito fulani kwenye filta, nami naandika namba kwenye ripoti. Namba hiyo ni kweli kiasi gani? Kaseti imekamata moshi wote uliopita au nusu yake? Aina moja ya kaseti ikiwekwa kando ya nyingine, zitasema neno moja? Barabarani huwezi kujibu, kwa sababu huwezi kuuambia upepo urudie ulichofanya jana. Unahitaji moshi wa lami mtupu, usiopanda na kushuka, unaoweza kuutengeneza leo na Jumanne ijayo ukawa ule ule. Kazi ya sanduku ni hiyo.

Na moshi wenyewe ni mjanja. Lami ikipashwa, sehemu zake nyepesi hugeuka mvuke. Mvuke ukikutana na hewa ya baridi, sehemu yake hujikusanya kuwa matone madogo mno, na huo ndio ukungu wa kibuluu unaouona juu ya lami ya moto. Sehemu nyingine hubaki mvuke usioonekana. Filta hukamata matone, mvuke hupita. Tena hata matone yaliyokwisha kukamatwa, kadiri pampu inavyoendelea kuvuta hewa juu yake, huyeyuka kidogo kidogo na kuondoka kama mvuke.

Ndiyo maana nchi zinapima kwa namna tofauti. Njia ya NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, namba 5042, hutumia filta ya teflon ya milimita 37 ndani ya kaseti, pampu ikivuta lita 1 hadi 4 kwa dakika. Filta hupimwa uzito, kisha kinachoyeyuka katika benzini hutengwa na kupimwa. (Benzini ya maabara, si petroli, na yenyewe husababisha saratani, kwa hiyo haifunguliwi nje ya kabati la kutolea moshi.) Kiwango cha juu kinachopendekezwa na ACGIH, chama cha Marekani cha wataalamu wa afya kazini, miligramu 0.5 kwa mita ya ujazo, kimejengwa juu ya wazo hilo la matone yanayoyeyuka katika benzini. Wajerumani huweka nyuma ya filta punje za XAD-2 zinazonyonya mvuke, na kiwango chao cha miligramu 1.5 kinahesabu matone na mvuke pamoja. Nimeshaona ripoti inayochukua namba ya njia moja na kuilinganisha na kiwango cha njia ya pili. Vitu hivyo havilinganishwi hata kidogo, na anayeumia kwa kosa hilo ni yule mwenye koleo.

Jambo ambalo lilinikosesha usingizi kabla sijaagiza chochote ni joto. Katika miaka ya 1980 watafiti wa NIOSH walizalisha moshi wa lami za kuezekea mapaa maabara, kwa nyuzi 232 na 316 za Selsiasi, wakaugandisha na kuupaka kwenye ngozi za panya, uvimbe ukaota. Matokeo yale yalitikisa watu, na ubishi uliofuata ulikuwa juu ya moshi wenyewe: je, ni moshi ule ule anaovuta mfanyakazi? Kwa sababu lami ikipashwa zaidi haitoi tu moshi mwingi zaidi, hutoa moshi wa aina nyingine, wenye sehemu nyingi zaidi ya zile kemikali nzito ambazo molekuli zake ni pete za kaboni zilizoungana, pete nne na kuendelea, ambazo ndizo zinazotutia hofu ya saratani. Baadaye, huko Hannover, Wajerumani wa taasisi ya utafiti ya Fraunhofer walikwenda kukusanya mvuke juu ya tangi la lami ya moto la kazini, wakaugandisha, ndipo wakautumia maabara, ili moshi wa panya ufanane na moshi wa watu. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ilipokutana Lyon, Ufaransa, Oktoba 2011, iliziweka kazi za kuezeka mapaa kwa lami iliyopulizwa hewa katika kundi 2A, yaani huenda sana zinasababisha saratani, na za kutandika barabara katika kundi 2B, yaani inawezekana zinasababisha. Tofauti ya aina ya lami na ya joto imo humo humo.

Sasa huku kwetu. Lami ya barabara kubwa, gredi 60/70, inachanganywa na kokoto kiwandani kwa nyuzi 150 na kitu, pana vipimajoto na mtu wa kuvisoma. Lakini kazi za mitaani, kuziba mashimo, kuna pipa juu ya moto wa kuni na kijana anayekoroga kwa mti. Pipa lile halina kipimajoto. Linapoanza kutoa moshi wa njano mzito, limeshapita mbali. Kwa hiyo nilihitaji chungu ambacho nikikiambia 160 kibaki 160, na nikikiambia 200 kibaki 200, ili niwe na moshi wa kiwandani na moshi wa pipani, kila mmoja kwa zamu yake. Hilo ndilo sharti la kwanza nililompa fundi.

Sanduku lina upana wa sentimita 50, kina 50, kimo 60, yaani lita 150 za hewa. Bati ni stenlesi 304 ya milimita moja na nusu, limechomelewa kwa gesi ya agoni, na mishono ya ndani imesagwa hadi ukipitisha kidole husikii kitu. Mbele kuna kioo cha milimita 6 kilichoshikwa kwa fremu na nati nane za mabawa. Pembeni kuna matundu sita kwa kimo kimoja, kila tundu na shingo ya bomba ambayo kaseti inakaa sawasawa. Chini kuna tundu la kuingizia moshi, juu la kutolea. Chungu kiko nje, chini ya sanduku: mkebe wa stenlesi wa nusu lita wenye kifuniko cha matundu matatu, moja la kuingizia hewa, moja la kutolea moshi na moja la waya wa themokapo, yaani kipimajoto cha waya.

Hewa natoa kwenye kompresa ya daktari wa meno niliyoinunua imetumika, kwa sababu haina mafuta. Hii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: kompresa ya gereji inatoa ukungu wa mafuta, na ukungu wa mafuta kwenye filta una uzito kama wa lami. Hewa hupita kwenye jelisilika ikauke, kwenye mkaa amilifu isafike, kisha inagawanyika: lita 2 kwa dakika zinapita juu ya lami na kubeba moshi, lita 18 zinaingia sandukuni kuuzimua. Jumla 20. Kaseti sita zikivuta lita 2 kila moja zinachukua 12, na 8 zinatoka juu kwenda kwenye mkaa na kabati la kutolea moshi. Hesabu hii ifanye kabla hujawasha. Pampu zako zikivuta zaidi ya unachoingiza, sanduku litanyonya hewa ya chumbani kwa kila upenyo na hutajua. Na kwa lita 20, hewa ya sanduku inabadilika kila dakika saba na nusu, kwa hiyo nasubiri nusu saa moshi utulie ndipo niwashe pampu.

Malalamiko. La kwanza ni gasketi. Tulikubaliana teflon. Siku ya kuchukua nikakuta mpira mwekundu, ule wa sufuria za presha, umebandikwa vizuri kwa gundi kuzunguka kioo. Fundi akaniambia, "Dada, huu hauvuji hata ukiweka maji." Kweli haukuvuja. Lakini niliporudi maabara nikawasha bila lami, sanduku tupu, joto na hewa tu, mirija yangu ya XAD-2 ikarudi na vitu ambavyo sikuviweka mimi. Ni mpira na gundi vilivyokuwa vinatoa mvuke. Na mpira una tabia mbaya zaidi: siku ya moshi mzito unanyonya, siku ya moshi mwepesi unatema ulichonyonya jana. Ukipima kibarua wa kesho kwa chombo kinachokumbuka jana, umempima nani? Nilirudisha. Fundi hakubisha, ila alichukua wiki mbili kutafuta karatasi ya teflon, akaikata, akachimba mfereji kwenye fremu ikae bila gundi. Tangu hapo sanduku tupu linatoa mirija mitupu. Ushauri wangu: jaribio la kuliwasha tupu lifanye siku ya kwanza, kabla hujamaliza kulipa.

La pili, mafuta. Bati hukunjwa kwa mashine, na mashine ina mafuta, na mafuta hayo yalibaki kwenye kona. Niliosha kwa maji moto na sabuni ya vyombo, nikasuuza, nikapangusa kwa asetoni, kisha nikalipasha kwa hewa ya moto siku nzima. Kitambaa cheupe cha mwisho kilitoka cheupe. Ukiagiza kwa fundi wa matangi ya maziwa una bahati kwamba anajua maana ya usafi. Ila usafi wa maziwa haufikii huu.

La tatu ni tundu namba nne. Siku ya kwanza ya kuweka kaseti zote sita pamoja, dakika 90, lita 2 kwa dakika, lami nyuzi 160, tano zilirudi zikikaribiana, kati ya miligramu 0.31 na 0.34. Namba nne ikarudi na 0.45. Nikadhani mizani. Nikapima tena kesho yake, filta zikiwa zimelala usiku kwenye chumba cha mizani, na nikaondoa umeme tuli, maana filta ya teflon hurukaruka kwenye sahani kama ina uhai. Ikabaki 0.45. Nikarudia mara tatu, kila mara nikibadilisha kaseti na pampu. Namba nne ileile. Moshi ulikuwa unaingia kwa mkondo na kulipiga tundu lile kabla ya kuchanganyika. Fundi aliposikia alifikiri kidogo, akaenda kuchukua kipande cha bati lenye matundu, lile la chekecheke la kuchujia mafuta ya chipsi, akalikata kwa kipimo cha sanduku na kuliweka sentimita 12 juu ya sakafu. Mkondo ukavunjika. Namba nne ikajiunga na wenzake. Fundi huyu hajawahi kusikia neno lolote la elimu ya mwendo wa hewa, na suluhisho lake ndilo watu wenye vyeti hutumia.

Chungu nacho kilinifunza. Lami ikikaa bila kukorogwa, juu yake hutanda ngozi, na chini ya ngozi hiyo moshi hupungua saa baada ya saa ingawa kipimajoto kinasoma vilevile. Inabidi ikorogwe, pole pole, uso usipasuke. Jiko langu la maabara lina sumaku ya kukorogea, lakini stenlesi ya chini ya mkebe ilikuwa nene mno na sumaku ikawa inayumba. Nikamwomba fundi apunguze unene wa kitako; akatengeneza mkebe mpya kwa bei ya bati tu. Themokapo nayo lazima ifike ndani ya lami yenyewe. Nilijaribu kuamini namba ya jikoni: jiko lilisema 200, lami ilikuwa 163. Na hata ukikoroga vizuri, sehemu nyepesi huisha. Gramu 200 za lami, kwa nyuzi 160, hunipa moshi wa kutegemewa kwa saa tatu hivi, baada ya hapo uzito wa kaseti unaanza kushuka. Kwa hiyo kila jaribio ni lami mpya, kutoka pipa moja, na pipa hilo nimeliandika tarehe na kulifunika.

Kulifunika nimejifunza kwa uchungu. Mwezi wa pili nilikata kipande cha lami kutoka pipa lililokuwa limekaa uani wakati wa mvua. Kwenye ufa wake kulikuwa na maji ambayo sikuyaona. Nikapandisha joto haraka kwa sababu nilikuwa nimechelewa. Karibu na nyuzi 120 nikasikia mlio kama wa mahindi yanayopasuka, kisha lami ikaanza kuvimba kama maziwa yanayochemka, nyeusi, inang'aa, ikapanda hadi kwenye kifuniko na kutoka kwa tundu la themokapo. Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,500 ya ile ya awali. Kijiko kimoja kinatosha kutapisha mkebe. Tone moja lilinipata juu ya kiganja, pale glavu ilipoishia. Sikulibandua. Niliweka mkono chini ya bomba la maji dakika nyingi, mpaka mwili mzima ukaingia baridi, na lile tone daktari aliliacha lilipo, likadondoka lenyewe na ngozi yake baada ya siku tisa. Nalieleza hili kwa makusudi, kwa sababu barabarani nimeona watu wakimbandua mwenzao lami kwa mafuta ya taa na kumtoa na nyama. Maji ya baridi, muda mrefu, usibandue, nenda hospitali. Na lami ya pipa ipashe taratibu, ikae kidogo juu ya nyuzi 100 hadi povu liishe, ndipo uendelee.

Nirudi kwenye sifa, maana ni nyingi kuliko malalamiko. Jaribio ambalo lilinifanya niamini kwamba pesa haikupotea lilikuwa rahisi. Nilichukua kaseti tatu zilizokwisha kukusanya moshi, nikazipima, kisha nikaziunganisha na hewa safi tu, pampu zikivuta saa moja zaidi. Nikapima tena. Moja ilitoka 0.32 ikawa 0.27. Nyingine mbili zilikuwa hivyo hivyo. Hakuna aliyezigusa, hakuna kilichodondoka. Moshi uliokuwa umeshakamatwa uliondoka na hewa. Sasa mfikirie kibarua anayefanya kazi ya lami kwa muda wa saa mbili asubuhi, kisha anahamishiwa kusafisha mitaro hadi jioni, na kaseti iko kolani pake siku nzima ikivuta hewa safi. Filta yake jioni itasema alivuta moshi mdogo kuliko aliouvuta kweli. Jambo hili vitabuni limeandikwa. Lakini kuliona kwenye mizani yangu, kwa namba mbili zilizoandikwa kwa mwandiko wangu, kulinibadilisha. Siku hizi sitoki kwenda barabarani na filta peke yake. Nyuma yake kuna mrija wa XAD-2, na kaseti nazibadilisha kazi inapobadilika, na nikishazitoa nazifunga kwa karatasi ya alumini na kuziweka kwenye boksi la barafu, kwa sababu mwanga na joto vinaharibu hizo kemikali za pete.

Kuta za sanduku huchukua sehemu ya moshi, hilo halikwepeki. Baada ya majaribio manne au matano kioo kinapata utando wa rangi ya chai, na bomba la kutoka chunguni kwenda sandukuni ndilo linalochafuka kuliko yote. Fundi alilifanya fupi, sentimita 15, na mimi nimelizungushia waya wa joto ili mvuke usigandie humo. Kusafisha kunachukua asubuhi nzima. Hapa ndipo stenlesi inapolipa: utando wote unatoka. Kabla ya sanduku hili nilikuwa na jingine la bati la kawaida lililopakwa rangi ya fedha ndani, na kila nilipopangusa kwa kiyeyushi rangi ilitoka pamoja na lami.

Bei. Sanduku, mkebe wa kwanza, shingo sita na meza yake vilinigharimu shilingi 1,150,000. Mkebe wa pili 60,000. Teflon alinikata nusu kwa sababu kosa lilikuwa lake. Kioo nilinunua mwenyewe. Mtambo ulio tayari kutoka nje, kwa karatasi ya bei niliyopewa, ulizidi mara kumi kabla ya usafiri na kodi, na ungekuja na mizunguko ya umeme ambayo ikiharibika unasubiri mtu wa mbali. Hiki kikiharibika napanda daladala. Aliahidi siku 10, akachukua 24, na simu mbili hakupokea. Hilo lilinikera kwa sababu nilikuwa na wanafunzi wanasubiri. Lakini kazi yenyewe, mishono yake, matundu yanayolingana kimo kwa milimita, siwezi kuipunguzia chochote. Ukienda, peleka mchoro wenye vipimo vyote, peleka kaseti moja mkononi aijaribu kwenye shingo mbele yako, andika neno teflon kwa herufi kubwa, na umwambie kitako cha mkebe kiwe chembamba. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, tupa jaribio lote, usijaribu kulifufua. Mimi nimenunua betri ya kushikilia pampu na themokapo, jiko haliwezi.

Mwezi uliopita fundi alikuja kuliona likifanya kazi. Hakuwahi kuliona na moshi ndani. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu, akitazama ule ukungu ukipanda taratibu kupitia bati lake la chekecheke na kusambaa. Nilipomaliza nikafungua kaseti moja, nikamwonyesha filta. Iliingia nyeupe kama karatasi ya daftari. Sasa ilikuwa na duara la kahawia, limekolea katikati. "Hii ni saa moja na nusu?" Nikamwambia ndiyo. Akaitazama tena, akatazama mikono yake, akaniuliza: "Na sisi tunaochomelea, dada, yetu ina rangi gani?"

Ni mtu ambaye kwa miaka thelathini ameinama juu ya stenlesi, na stenlesi ina kromi na nikeli ndani yake. Sikuwa na jibu la kumpa pale. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Gerezani na pampu mbili, moja nikambana yeye mkandani, kaseti ndani ya kinyago chake karibu na pua, nyingine kijana wake. Walifanya kazi hadi saa tisa, tangi la maziwa la lita 500. Filta zao ni za kijivu, na ziko kwenye boksi langu zikisubiri zamu ya mashine ya kuzichambua.